Mwaka Niliochukua Baa ya Uwanjani

Tulimzika Mzee Muriuki mwezi uliopita huko Mukurweini, katikati ya mibuni yake, na karatasi ya mazishi tuliyogawiwa ilikuwa na kurasa nane na picha za rangi. Niliisoma yote nikiwa nimeketi chini ya hema, maana siku hizi mazishi ni marefu na namshukuru Mungu macho yangu bado yanafanya kazi. Ilisema marehemu alikuwa mkulima, mwanachama wa ushirika, baba wa watoto saba, na mzee wa kanisa katika miaka yake ya mwisho. Haikusema kwamba aliwahi kuwa na baa. Miaka kumi na mmoja ya kusimama nyuma ya kaunta mjini Nyeri, hatua chache tu kutoka uwanja wa mpira, ilikuwa imerukwa mtu asijue imekwenda wapi. Sikuwalaumu watoto, kwa sababu pasta alikuwa amekaa mstari wa mbele. Mshereheshaji aliniita niseme neno kama rafiki wa familia, akanionyesha vidole viwili, yaani dakika mbili. Nilishika maikrofoni nikasema marehemu alikuwa mtu mzuri, kisha nikaketi. Njiani nikirudi nyumbani nilijikasirikia sana. Mtu alinipa maisha yangu, nami nimemlipa kwa sentensi moja. Kesho yake nilinunua daftari, na haya ndiyo niliyopaswa kusema.

Nina miaka sabini na saba sasa. Wakati ninaouzungumzia nilikuwa na ishirini na sita, na Kenya yenyewe ilikuwa haijafikisha miaka kumi ya uhuru. Kwa miaka minne nilikuwa nimehudumu mezani katika hoteli moja ya Nanyuki, nikiwapelekea chakula wazungu wa mashamba waliokuwa wakijiandaa kuondoka na askari wa kigeni waliokuja kwa mazoezi. Huko nilijifunza mambo matatu: kubeba sahani tatu kwa mkono mmoja, kutabasamu bila kumaanisha, na kwamba bia hunywewa ikiwa baridi mpaka chupa itoe jasho. Hilo la tatu nusura linimalize.

Dereva wa lori la bia ndiye aliyeniletea habari. Alisema kuna mtu Nyeri, anaitwa Muriuki, mgongo umemwangusha, daktari amemkataza kuinua hata kreti moja, na anatafuta mtu wa kuichukua nyumba aliyokodi kwa biashara ya baa. Nilikwenda siku yangu ya mapumziko. Nilimkuta amelala kifudifudi juu ya benchi ndani ya baa yake, shati limepandishwa, na Ndirangu, mchoma nyama wake, anamkanda mgongo kwa mafuta ya kondoo. Ndivyo nilivyowafahamu wote wawili kwa mpigo mmoja. Watu walimwita Mzee ingawa hakuwa amefika hamsini; mwenye baa huzeeshwa mapema na heshima ya walevi. Aliniuliza maswali mawili tu, uso wake ukiwa bado umeelekea sakafuni. "Wewe unakunywa?" Nikasema sinywi. "Na uko na uoga ya mtu mlevi?" Nikamwambia nimewahi kumtoa mzungu mlevi kwa mlango wa jikoni nikiwa nimemshika sikio. Alicheka mpaka mgongo ukamwuma, na Ndirangu akamsihi atulie.

Mwenye jengo alikuwa Mzee Theuri, muuza mbegu upande ule mwingine wa mji, mtu wa kanisa aliyekuwa hajakanyaga ndani ya jengo lake mwenyewe kwa sababu ya kilichouzwa humo, ingawa kodi aliipokea vizuri tu. Alinitazama kutoka viatu hadi kitambaa cha kichwa. "Mimi siwezi kupea msichana nyumba moja kwa moja," akasema. "Nitakupatia mwaka moja. Mwaka ikiisha tutaangalia." Nikasema asante. Nilikuwa nimeacha kazi Nanyuki, akiba yangu yote iko katika mradi huo, na nyuma yangu hakukuwa na mlango wa kurudia. Mwaka huo ulikuwa ndio kila kitu.

Siku ya kukabidhiana, Muriuki aliinuka kutoka kwenye benchi kwa shida, jasho likimtoka usoni, ili tu anipe ufunguo akiwa amesimama na kwa mikono miwili. Nilimwambia akae, asijiumize, nitauchukua mezani. Akakataa kwa kichwa. Nilifikiri ni maringo ya wanaume.

Chumba kile bado nakiona. Kilikuwa kirefu na chembamba, kuta zimepakwa rangi ya kijani hadi kiunoni na ya maziwa kwenda juu, kaunta ina wavu wa waya wenye tundu la kupitishia chupa, meza nne, mabenchi, na dirisha moja lililotazama ukuta wa uwanja na si uwanja wenyewe. Nyuma kulikuwa na jiko na ua mdogo ambako Ndirangu alichoma mbuzi na kujaza mutura, ule utumbo wa nyama na damu. Palinuka mafuta, sigara na makoti yenye unyevu. Nilipapenda papo hapo, na kama kawaida ya mtu anayependa, nikaanza kurekebisha. Nilikuwa nimenunua friji kubwa nyeupe kwa mzungu mmoja aliyekuwa anauza vyombo vyake Nanyuki, ikaletwa kwa lori la makabeji, na wanaume wanne wakaiingiza kwa kuing'oa fremu ya mlango. Niliisimamisha pale kila aingiaye aione kwanza. Kisha nikashusha bia zote kutoka kwenye rafu nikazipanga ndani yake, zote kabisa, sikubakisha chupa hata moja nje. Ndirangu alisimama mlangoni na kisu chake akinitazama. "Zote?" akauliza. "Zote," nikamjibu. Akarudi kwa mbuzi wake.

Ilikuwa mwezi wa Juni. Asiyewahi kukaa Nyeri mwezi wa Juni hajui ninalosema. Jua huondoka likasahau kurudi, ukungu hushuka ukalala barabarani hadi saa sita mchana, na watu hutembea mikono ikiwa kwapani. Katika hali hiyo mimi niliwauzia wazee wa mlimani bia ya kuumiza meno. Watu wa kwetu hunywa bia moto, yaani ile iliyokaa tu kwenye rafu, na aliyekuwa na kifua kibovu aliisogeza karibu na jiko kidogo. Nililijua hilo, si kwamba sikulijua; nilizaliwa humo humo. Lakini miaka minne ya Nanyuki ilikuwa imenifanya niamini kwamba bia moto ni ya mtu asiyejua, na kwamba kazi yangu ni kuwafundisha. Wateja hawakulalamika. Hilo ndilo jambo ambalo mgeni hawezi kulielewa kuhusu watu wetu: hawakukosoi nyumbani kwako. Walilipa, wakanywa nusu, wakanishukuru, na siku iliyofuata wakaenda kwenye baa ya ng'ambo ya barabara. Mwezi wa Agosti nilikuwa nabaki na Ndirangu, mafundi viatu wawili, na Mzee Muriuki.

Muriuki alikuja kila siku saa kumi jioni. Mwanzoni alitembea na fimbo, baadaye bila fimbo. Alikaa kwenye benchi la pembeni, mgongo ukutani, akiwa na koti lake kubwa la sufu la rangi ya majivu, akaagiza chupa moja na kila mara akaniambia, "Usifungue saa hii. Wacha tu." Kisha chupa ilipotea ndani ya koti. Alikaa hivyo karibu nusu saa, mikono imekunjwa kifuani, akiongea na mafundi viatu habari za kahawa. Mimi nilimtazama kupitia wavu nikaanza kumshuku. Maana wakati huohuo nilikuwa nimesikia maneno. Nilikuwa jikoni nakata sukuma wiki, na nje ya dirisha la ua walikuwa wamesimama wanawake wawili wauza ndizi wakingoja Ndirangu awape mifupa.

"Huyu msichana ataweza kweli?" mmoja akauliza.

"Ataweza nini? Anashikia Muriuki nyumba tu. Akipona atarudi kwa kiti yake. Na anapona, si unaona anatembea?"

"Na friji?"

"Friji itakuwa ya kupea ng'ombe maji."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Tangu siku hiyo kila nilipomwona Muriuki akiingia bila fimbo nilihesabu hatua zake kwa hofu. Na kuhusu koti, nilijipatia jibu langu: alikuwa anaficha chang'aa, ile pombe haramu. Alikuwa anaiuza kichinichini kwenye benchi langu, nisubiri siku moja polisi waingie, waikute, leseni iende, na mwaka wangu uishe kabla ya mwaka kuisha. Leo naandika hili nikiona aibu, lakini nimeahidi kusema ukweli. Niliamini kabisa kwamba mtu aliyeinuka na mgongo mbovu ili anipe ufunguo kwa mikono miwili anataka kuniangamiza.

Siku moja ya Septemba sikuweza kuvumilia. Nilitoka nyuma ya kaunta, nikasimama mbele yake mbele ya mafundi viatu na Ndirangu. "Mzee," nikasema, "toa hiyo kitu uko nayo ndani ya koti."

Hakukasirika; nafikiri alinihurumia, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akafungua vifungo polepole, akaingiza mkono kwapani, akatoa chupa yangu mwenyewe, kifuniko hakijaguswa. Akaiweka mezani. Niliigusa. Ilikuwa vuguvugu, na koti lake upande wa ndani lilikuwa limelowa maji ya friji.

"Sasa iko sawa," akasema. "Unaweza kufungua."

Niliifungua. Ndirangu aliingia jikoni na nikamsikia huko akijikohoza, nadhani alikuwa anacheka. Miezi mitatu yule mzee alikuwa amekaa na barafu ubavuni, mwenye mgongo mbovu, katika baridi ya Nyeri, ili asiniambie kwamba nimekosea. Nilivuta kigoda nikakaa mbele yake, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya na mteja, nikamwuliza kwa nini hakunena.

"Hii nyumba nilikupatia na mikono mbili," akasema. "Mtu akipeana kitu na mikono mbili, hawezi rudi nyuma aanze kuweka kidole ndani. Si yangu tena. Wewe ndio ulikuwa uulize."

"Na ningekosa kuuliza?"

"Ningezoea baridi."

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nami nilikuwa nimeishi miezi mitatu nikidhani kuuliza ni kukiri kushindwa. Nilimwambia, "Basi nauliza." Akanywa kidogo, akapangusa mdomo, na akanifundisha kwa jioni nne mfululizo. Bia irudi kwenye rafu, friji ibaki na sehemu ya watu wa Nanyuki na walioharibika kama mimi. Wavu wa kaunta usitoke, si kwa sababu ya wezi, ila kwa sababu mlevi hupenda kitu cha kushikilia anaposimulia shida zake. Usimwulize mtu ana habari gani kabla hajakaa. Na kuhusu siku za mpira alinipa sheria moja ambayo ndiyo iliyoiinua baa ile: waliofungwa ndio wa kwanza kupewa supu. Wasiulizwe wanataka nini, bakuli liwakute wakiketi. "Mwenye ameshinda anaweza kungoja hata kesho," akasema. "Huyo mwingine ukimchelewesha, atatafuta mtu wa kupiga."

Jumamosi iliyofuata niliijaribu. Timu ya mjini ilikuwa imefungwa na vijana wa Murang'a, na mashabiki wetu waliingia nyuso zimevimba kwa hasira. Kabla hawajafungua midomo, Ndirangu na mimi tulikuwa tumewawekea supu ya mifupa yenye pilipili, mvuke ukiwapanda usoni. Wale wa Murang'a walisimama mlangoni wakiona wenyeji wanakula. Nikawaambia nyinyi mna furaha, ngojeni. Mmoja akacheka, kisha wote, na punde mezani palikuwa na watu wa pande zote mbili wakibishana kuhusu penalti wakiwa midomo imejaa. Mji mdogo hauwi na siri. Ilisemekana sasa kwa yule msichana kuna bia moto na supu ya waliofungwa. Wazee walirudi mmojammoja bila kusema walikuwa wapi, nami sikuwauliza. Hata friji ilipata kazi, kwa sababu wachezaji waligundua kwamba ina barafu, na baada ya kila mechi kulikuwa na wanaume wazima wamekaa uani, miguu ndani ya karai, wakipiga mayowe. Waliongea Kiswahili cha kila namna, maana walitoka polisi, magereza na mashambani, pande zote za nchi. Wakati mwingine nilisimama tu nikiwasikiliza, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimewahi kuipata Nanyuki.

Lakini mwaka haukungoja. Kuanzia Aprili nilimwona mfanyabiashara mmoja wa Karatina, mwenye malori na kofia ya ngozi, akija kutazama. Hakunywa. Alipima ukuta kwa macho, akahesabu meza, akauliza Ndirangu analipwa nini. Nilipata habari kwamba amekwenda kwa Mzee Theuri. Baa ilipokuwa inakufa hakuna aliyeitaka. Sasa ilipokuwa imejaa, kila mtu alikuwa na mapenzi nayo. Na Muriuki alikuwa amepona. Nilimwona kwa macho yangu akishusha gunia la viazi kutoka kwenye gari bila msaada. Aliendelea kuja saa kumi na kuketi pale pale, isipokuwa Jumamosi, ambapo hakuonekana mpaka mpira uishe. Sikumwuliza neno kuhusu nyumba. Hilo moja sikuthubutu.

Mzee Theuri alituita nyumbani kwake Jumamosi ya mwisho ya mwaka wangu, baada ya chakula cha mchana. Nilimkuta Muriuki ameshafika. Sebule ilikuwa na viti vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, redio nayo imefunikwa kitambaa, na mke wa Theuri alituletea chai ya maziwa na viazi vitamu. Theuri aliomba kwanza. Aliombea mvua, serikali, wagonjwa, na sisi wawili. Kisha akanigeukia.

"Nyambura, kuna neno hujui," akasema. "Wakati Muriuki alikuwa anakuachia nyumba, mimi nilimwambia hivi: mwaka ikiwa haijaisha na umepona, nyumba ni yako, hakuna mtu utauliza. Yeye ndiye alikuwa mpangaji yangu. Sasa yule mtu wa Karatina amekuja hapa mara tatu. Na ameenda kwa Muriuki pia. Alimwambia arudi, wafanye pamoja, yeye Muriuki akae tu kwa kiti, asibebe hata kikombe."

Niliweka chai chini. Basi wale wauza ndizi walisema kweli. Mwaka mzima yule mtu alikaa kwenye benchi langu akiwa na haki ya kunitoa, hata siku ile niliyomwambia afungue koti kama mwizi. Angeweza kunijibu kwa neno moja, na hakulisema.

"Muriuki, sema," Theuri akasema. "Unarudi ama haurudi?"

Muriuki alimaliza kutafuna kiazi. "Sirudi," akasema.

"Sababu?"

Hapo ndipo nilipomwona akiona haya kwa mara ya kwanza. Alitazama viatu vyake. "Mzee, nimekaa pale miaka kumi na moja. Unajua nimeona mpira ngapi? Hakuna hata moja. Siku ya mpira ndio siku ya kazi. Nilikuwa nasikia tu watu wakipiga kelele huko nyuma ya ukuta, najua imeingia, sijui ni ya nani. Nangoja waingie niangalie nyuso. Sasa tangu huyu achukue nyumba, kila Jumamosi niko ndani, nakaa kama watu wengine. Ati nirudi kwa kaunta?" Akatikisa kichwa. "Wacha akae. Kazi anaijua. Sikumfundisha, aliuliza tu."

Mzee Theuri alitafuta kalamu kwa muda mrefu, labda ili asitazame machozi yangu, na akaniandikia miaka mitano. Ilizidi ikawa kumi na tisa. Nyumba ile ilinilisha, ikanijengea, ikanipa marafiki ambao wengine niliwaona juzi pale kaburini, wazee wanaotembea kwa fimbo. Sijawahi kupewa kitu kikubwa kuliko lile jibu la "sirudi" lililosemwa na mdomo uliotoka kumaliza kiazi.

Tulipotoka nilijaribu kumshukuru barabarani, lakini alikuwa anatembea kwa haraka mbele yangu, koti likipepea, na ilinibidi nikimbie kumfikia. Nilishika mkono wake. Nilikuwa nimeshaanza kulia tena na maneno hayakuja sawasawa.

"Utaniambia kesho," akasema, akiutoa mkono wake taratibu. "Saa hii ni saa nane na nusu."

Kesho yake palikuwa na kreti za kupokea, na kesho kutwa nikaona haya, na baada ya hapo ilikuwa kama jambo lililokwisha kusemwa. Hivyo miaka hamsini ikapita. Siku ile tulipoachana barabarani nilikwenda nikafungua baa, Ndirangu alikuwa ameshawasha moto, na nilianza kupangusa kaunta. Mara kelele zikapanda kutoka ng'ambo ya ukuta, kubwa, mpaka glasi zikalia kwenye rafu. Nilisimama na kitambaa mkononi. Sikujua ni goli la nani. Nilijua tu kwamba Muriuki yuko mle ndani, amesimama na wenzake, na anapiga kelele kwa sauti yake yote.